Kinyozi na Funda la Maji

Hotuba niliyoitoa siku tulipomzika mama mkwe wangu ilikuwa nzuri sana. Nasema hivi bila kujisifu, au tuseme kwa kujisifu kidogo tu, kwa kuwa kwa wiki nyingi baadaye hakuna mteja aliyekalia kiti changu cha kunyolea pale Voi akainuka bila kuisikia yote, tangu salamu hadi amina. Mtu mwenye wembe shingoni husikiliza vizuri. Wakati ule nilidhani ni kwa sababu ya ufasaha wangu.

Mimi ni Obadiah, kinyozi. Kiti changu hukaa kwenye baraza ya duka la nguo la Mhindi mmoja, kando ya njia iendayo stesheni. Ndani ya duka kuna redio. Mwenye duka aliwahi kuniambia kwamba kati yangu na ile redio, yeye anapenda zaidi redio, maana inazimika. Nilicheka sana, kisha nikamweleza kwa kirefu kwa nini mzaha wake ulikuwa mzuri.

Mama mkwe aliitwa Milka, wa Mbololo. Tulimzika mwanzo wa masika ya mwaka wa 1955, kwenye mteremko chini ya migomba yake. Mwalimu wa kanisa aliomba, akafunga Biblia, akauliza kama kuna mtu wa nyumbani mwenye neno. Mume wa marehemu, mzee Mwandawiro, alikohoa. Mimi nikawa nimeshasimama. Nilichukua kile kikohozi kuwa ndiyo ruhusa yangu.

Nilianza na uumbaji wa dunia, nikaja kwa wanawake wema wa Maandiko, nikafika Mbololo. Pale nilipoeleza jinsi Milka alivyokuwa akimpokea mumewe kila Jumamosi, watu walilia. Nilisema kwamba mzee akitoka kazini kwenye mashamba ya mkonge, akiwa bado bondeni, mkewe alikuwa akisikia viatu vyake kwenye mawe, akaacha chungu motoni, akateremka mbio na vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Sikuwahi kuyaona hayo. Lakini mahali pale palihitaji kitu cha namna hiyo, nami nilikuwa nacho. Niliendelea mpaka mawingu yakakusanyika, na niliposema amina mvua ikamwagika, watu wakakimbia wamejifunika majani ya migomba. Niliona kwamba hata mbingu imeguswa.

Mke wangu, Wakio, hakuteremka nami kurudi Voi. Alisema atakaa kidogo na baba yake. Nikaona ni sawa, mtoto wa kike amfariji mzazi. Mvua ikaisha, mahindi yakakauka mashambani, watu wakavuna, na Wakio bado alikuwa anafariji.

Hapo ndipo nilipoanza kuumia. Nyumba yangu ni vyumba viwili vya mabati nyuma ya soko, na kabla ya hapo sikuwa nimejua kwamba ina mwangwi. Nilikuwa nikiingia jioni nasema, "Leo bwana, kumetokea jambo!" halafu naliona lile jiko baridi. Nilijaribu kuzungumza na kioo changu cha kazi. Ni msikilizaji mzuri, ila uso wake haukunipendeza. Nilimtaka mke wangu arudi. Usiku nililala upande wangu tu wa kitanda, ule wake nikauacha.

Nikaanza kutuma salamu. Jacinta, mama mmoja wa Mbololo aletaye mboga soko la Voi, ndiye aliyekuwa mjumbe wangu. Mara ya kwanza nilimshika mkono, nikamwambia amwambie Wakio kwamba mimi mzima, kwamba kazi inakwenda, kwamba treni ya Moshi ilichelewa na abiria wote wakaja kunyolewa, kwamba nimenunua mihogo, ile anayoipenda kuliko chakula chochote, kwamba mabati yanavuja upande wa jikoni lakini asijali, kwamba nampenda, na kwamba kuhusu lile jambo la treni kuna sehemu nimeiruka. Jacinta alinyanyua kikapu chake nikiwa bado kwenye mabati.

Aliporudi siku ya soko nilimkimbilia. "Amesema nini?"

"Amesema amesikia."

"Basi?"

"Basi."

Nikatuma tena, ndefu zaidi, maana niliona ile ya kwanza haikueleweka. Jibu likaja: "Wakio amesema yeye amesikia. Anauliza, wewe je?"

Nilifurahi kuulizwa. Nikamwambia Jacinta, "Mwambie mimi sijambo kabisa, ila kifua kidogo, tena kifua chenyewe kilianza hivi..."

Jacinta akachagua nyanya mbili nzuri kutoka kikapuni, akanipa bure. Huruma ile sikuielewa mpaka baadaye sana.

Aliyenisukuma ni Kituku, Mkamba mpakizi wa mizigo ya reli, ambaye huja kunyolewa kila mwisho wa mwezi na hulala mara tu ninapomfunga kitambaa shingoni. Siku hiyo nilikuwa nimefika kwenye vigelegele vya Milka, nikimsimulia kwa mara ya tatu au ya nne, akafumbua jicho moja. "Obadiah," akasema, "bibi yako iko Mbololo. Mimi si bibi yako. Panda huko."

Nikafunga sanduku langu, nikanunua sukari, majani ya chai na blanketi la mzee, nikapanda lori mpaka chini ya kilima, halafu miguu. Njiani nilitunga hotuba ya kuomba radhi. Sikujua naomba radhi ya nini, lakini hilo halijawahi kunizuia. Niliijaribu mbele ya mbuzi waliokuwa wakichungwa kando ya mfereji, na mmoja alionekana kuguswa.

Mzee Mwandawiro alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, anachonga mpini wa jembe. Dada yake, Shangazi Mghoi, alikuwa akichambua kunde kwenye ungo. Wakio alitoka jikoni, akanisalimu vizuri, akapokea vitu, akarudi jikoni. Alikuwa amekonda. Nilitaka kumwambia kwamba amekonda, na kwamba mimi pia nimekonda, lakini nilijizuia nianze na mzee, kwa adabu.

"Baba," nikasema, "najua una hasira nami."

Mzee aliacha kuchonga. Akafungua kinywa.

"Tena naijua sababu," nikaendelea. "Ni yule beberu wa mahari. Ni kweli alikuwa mgonjwa. Nilimlambisha chumvi asubuhi ile ili achangamke mbele yenu."

Mzee alifunga kinywa, akakifungua tena. "Yule beberu alikuwa mgonjwa?"

Nikaona sijalenga. "Basi siyo beberu. Ni yale niliyosema pale barazani kwangu, kwamba ukikoroma Mbololo, watu wa Voi hudhani ni treni ya mizigo. Baba, ule ulikuwa utani tu."

"Uliwaambia watu wa Voi?"

"Siyo hilo pia? Basi ni kofia!" Nilipiga paja, nikifurahi kwamba hatimaye nimefika. "Ile kofia yako ya kanisani iliyopotea siku ya harusi yetu. Niliikalia mimi, Baba, ikabonyea, nikaitupa nyuma ya ghala."

Mzee alinitazama. Shangazi Mghoi aliacha kunde.

"Kwa ajili ya kofia ile," mzee akasema polepole, "nilimchapa Noah." Noah ni shemeji yangu, mdogo wake Wakio. Siku hizi ni mtu mzima anafanya kazi Mombasa.

Mzee akainuka, akachukua mpini wake na kisu, akaingia kwenye shamba la miwa. Tulisikia majani yakimfunika.

Shangazi Mghoi akapepeta ungo. "Mkwe," akasema, "umepanda kilima kuja kuondoa hasira moja. Sasa ziko nne."

Ilibidi nimwulize ile ya kwanza ni ipi. Alisema si yake kuisema. Kisha akanieleza jambo ambalo mimi, mtoto wa Taita, nilipaswa kulijua. Kwetu hasira ya mzazi haiachwi ikae moyoni, maana ikikaa humo inaharibu nyumba. Mwenye hasira huchukua funda la maji, au zamani pombe ya miwa, akalipuliza nje na kusema kinachomkera, mpaka moyo unapoa, ndipo anaombea heri. Hiyo tunaiita kutasa. Babu zangu walikuwa wakifanya, na hata watu wa kanisa hufanya kwa maji tu, bila kumsumbua mwalimu kwa habari hizo.

"Ndugu yangu anataka kutasa tangu wiki ile ya mazishi," akasema. "Lakini atatasaje? Kila akifungua kinywa, wewe uko ndani."

Nikaanza kumweleza kwamba hapo hanitendei haki. Alinyanyua mkono wenye maganda ya kunde, nikanyamaza. Nilikaa kimya karibu muda wa kumeza mate.

Asubuhi yake, baada ya chai, Shangazi alitandika mkeka uani, mahali ambapo kaburi la Milka lilionekana, na mawe yake meupe yamezunguka udongo mwekundu. Mzee akakaa upande mmoja na kibuyu cha maji. Wakio akakaa karibu yake. Mimi nikawekwa mbele yao. Nilikuwa tayari na hotuba mpya, ile ya mbuzi ikiwa imeongezwa sehemu ya kofia.

Shangazi akaniletea kata ya maji. "Piga funda. Usimeze, usiteme, mpaka nikuambie."

"Mghoi," mzee akasema, "anayeshika maji ni mwenye hasira. Hii si desturi."

"Kuanzia leo ni desturi ya nyumba hii," Shangazi akajibu.

Nikajaza mashavu. Mzee Mwandawiro alisafisha koo, akatazama kaburi. "Milka," akaanza, "alizaliwa huko Werugha..."

Sasa, mimi nilijua kwamba Milka alizaliwa Mgange, si Werugha. Nilikuwa nimelisema kwenye hotuba. Nilivumilia kadiri nilivyoweza, ambayo si sana. Maji yakateremka. "Mgange, Baba," nikasema.

Mzee akanyamaza.

"Alikuwa mke wako au mke wake?" Shangazi akaniuliza, akanijazia kata.

Funda la pili nililimeza ili kuomba radhi kwa lile la kwanza. Niliona ni jambo la heshima. Wakio alifunika uso kwa mikono yote miwili, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Kisha akaondoa mikono, akanitazama moja kwa moja, akasema kwa sauti ya chini, "Obadiah, ukimeza hili, teremka Voi. Usinitumie tena salamu."

Nikapiga funda la tatu, nikalishika.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na nimewahi kumnyoa mtoto wa chifu akiwa na majipu. Kwanza maji yalikuwa baridi, halafu yakawa vuguvugu, halafu nikawa sijui yapo au hayapo. Maneno yalipanda kifuani mpaka kooni, yakakuta njia imefungwa, yakashuka tena. Nilipumua kwa pua. Na mzee hakuzungumza. Alikaa tu. Mimi nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kukaa vile bila kuwa amelala au amekasirika. Ukimya nikiukuta mahali popote hudhani umeachwa hapo ili niujaze.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilisikia. Mfereji ulikuwa unapita nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimekuja hapo mara nyingi na sikuwa nimejua kwamba unasikika uani. Kuku alikuwa anakwaruza chini ya ghala. Mzee alikuwa na mluzi mdogo puani kila alipovuta pumzi. Kutoka mbali kabisa bondeni, treni ya Voi ikapiga honi, ndogo mno, na nikatambua kwamba huku juu Voi yangu yote, na baraza yangu, na hotuba zangu, ni kile kilio kidogo tu, kisha basi.

Ndipo mzee akasema.

"Milka hakuwahi kupiga kigelegele," akasema. "Maisha yake yote. Hata Noah alipozaliwa."

Alipiga funda la maji, akayapuliza chini mbele yangu.

"Mimi nilikuwa nikitoka mkongeni Jumamosi na gunia langu begani. Unga, chumvi, wakati mwingine samaki mkavu. Pale kona ya mfereji namkuta amesimama. Hasemi kitu. Hata 'karibu' hasemi. Ananitua lile gunia, anajitwika yeye, anatangulia. Mimi namfuata. Mpaka nyumbani hatusemi. Wiki nzima mkongeni ni kelele, mashine, nyapara anatukana. Yeye alijua. Hakuna mtu aliyemwambia. Alijua tu kwamba masikio yangu yamechoka."

Akapuliza tena.

"Miaka yote hiyo sikumwambia asante. Nilifikiri anajua. Siku ya kumzika nikasema leo nitasimama nimwambie. Asante kwa mzigo. Ni hilo tu nililotaka. Sikuwa na lingine. Nikakohoa." Alinitazama, bila ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ukasimama wewe. Ukasema mpaka mvua. Ukawaambia watu wote habari za mwanamke mwingine, mwenye vigelegele, na watu wakamlilia huyo. Wangu akafukiwa kimya."

Niliona aibu ambayo sijui niieleze vipi, mimi niliyekuwa najiona siwezi kushindwa kueleza jambo. Machozi yalinitoka. Nilitaka kusema, Baba, sikujua, nisamehe, ningekaa chini, ningekupisha. Maji yakanizuia. Na kwa kuwa yalinizuia, yale maneno ya mzee hayakupata mahali pa kwenda. Yalibaki pale uani, nami nikalazimika kukaa nayo.

Mzee akampa Wakio kibuyu.

"Mimi," Wakio akasema, "nilikuambia Mama ameacha kula."

Nikashtuka. Sikukumbuka.

"Ulikuwa unakula. Nikasema, Obadiah, Mama ameacha kula, Jacinta ameniambia, nataka nipande. Ukasema, kabla sijasahau, na ukanisimulia habari za yule mzungu aliyeanguka kwenye mlango wa treni. Kesho yake nikasema tena. Ukaniambia najua, najua, halafu ukamaliza sentensi yangu wewe mwenyewe. Ukasema nataka kwenda kuvuna mbaazi. Ukacheka, ukasema mbaazi zitasubiri." Sauti yake haikupanda. "Nilipopanda bila kukuuliza, Mama alikuwa ameshaacha kusema. Alinishika mkono. Kama alikuwa na neno la kuniachia, lilikuwa la juma lile nililokaa Voi nakusikiliza."

Hapo nililia kwa sauti, kwa kadiri mtu anavyoweza kulia kwa sauti na mashavu yaliyojaa. Ilitoka sauti ya puani, ya ng'ombe. Kuku alikimbia. Hakuna aliyecheka, wala mimi sikujicheka siku ile, ingawa nimejicheka mara nyingi baadaye. Yule mzungu hata hakuanguka, alijikwaa tu. Kwa ajili yake nilimnyima mke wangu mama yake.

Mzee alichukua kibuyu, akapiga funda la mwisho, akamrudishia Wakio. Akalipuliza juu ya miguu yangu, akasema, "Hasira yangu nimeitoa. Nyumba ya huyu ipoe. Kazi yake isimame. Watoto wazaliwe." Na akaongeza, maana ni mtu wa haki, "Ya kofia pia."

"Tema," Shangazi akaniambia.

Nikageuka, nikatema. Nilipogeuka tena wote watatu walikuwa wananitazama wakisubiri, na nikakumbuka kwamba nina hotuba. Niliitafuta. Ilikuwa na salamu, na sehemu ya kwanza, na ya pili.

"Sikujua," nikasema.

"Hukuuliza," mzee akasema. Akainuka, akateremka mpaka kwenye yale mawe meupe, akasimama akitugeuzia mgongo. Aliongea huko kwa muda mfupi, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuona watu wanaongea na nisitamani kusogea karibu.

Wakio alibaki na kibuyu mapajani. Shangazi akamwuliza kama yeye hapulizi.

"Hasira ya Baba ilikuwa ya siku moja," akasema. "Yangu ni ya kila siku. Haiwezi kutoka yote hapa, itachosha watu. Nitateremka nayo Voi, niitoe kidogo kidogo." Akanitazama. "Na kibuyu nakwenda nacho."

Hivyo ndivyo mke wangu alivyorudi. Kile kibuyu kinaning'inia kwenye msumari kando ya mlango, na wageni wakiuliza ni cha nini tunawaambia ni cha maji, ambayo ni kweli. Wakio akikigusa tu, mimi nafungua kinywa. Kwa funda la kwanza pale Voi niliambiwa kwamba hapendi mihogo. Hajawahi kuipenda. Siku ya kwanza alipofika nyumbani kwangu nilimwuliza angependa kula nini, na kabla hajajibu nikasema, "Mihogo!" nikaenda kuinunua. Ameila tangu siku hiyo. Nilitaka sana kusema kwamba angeniambia. Nilikuwa na maji kinywani, kwa hiyo nikapata nafasi ya kufikiri, na nikaona ni afadhali nisiseme.

Kazini nako nikajaribu, bila maji. Mwisho wa mwezi Kituku alikaa kitini, nikamfunga kitambaa, nikanyamaza. Akasubiri. Akafumbua macho yote mawili. "Iko mgonjwa?" akauliza. Nikamwambia hapana, na nikamwuliza anataka ninyoe vipi. Halafu akaniambia, kwa upole mkubwa, kwamba siku zote yeye hupenda njia ya nywele upande wa kulia. Mimi nimemchora kushoto tangu nilipofungua kazi. Huwa analala, akasema, ili asiione.

Sijawa mtu mwingine. Juzi nilimweleza mteja mmoja wa kutoka Mata habari yote ya kunyamaza, na nilipomaliza nikagundua kwamba nimemnyoa nusu kichwa na jua limeshuka. Mwenye duka bado anapendelea redio.

Lakini Jumamosi ya wiki iliyopita treni mbili zilikuwa zimefuatana, na tangu asubuhi kichwa changu kilikuwa kimejaa watu, bei, mizozo, vumbi na kelele za stesheni. Nilifunga kazi nikiwa nimechoka hata kwa sauti yangu mwenyewe. Nikabeba sanduku langu begani, lile lenye mashine, wembe na kioo, nikaelekea nyumbani. Nilipofika pale njia inapokata nyuma ya soko, nikamkuta Wakio amesimama.

Hakusema kitu. Alinyoosha mikono, akanitua sanduku, akajitwika, akatangulia.

Nilimfuata. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, yote yakiwa ya siku hiyo hiyo, mengine ya kuchekesha sana, na hapakuwa na tone la maji kinywani mwangu. Nilitazama kisigino chake na vumbi lililokuwa likiinuka nyuma yake. Nikasikia mashine yangu ikigonga kioo ndani ya sanduku, taratibu, kila alipopiga hatua. Tulipita kwa fundi baiskeli, tukapita kwa muuza makaa aliyenisalimu na kushangaa nilipomjibu kwa mkono tu. Tukafika.

Alitua sanduku ndani ya mlango, akanigeukia.

"Asante kwa mzigo," nikasema.

Uso wake ulibadilika. Akasubiri, kama mtu aliyezoea, maneno yaliyobaki yaje.

"Basi?" akauliza.

"Basi."

Alikaa chini palepale kizingitini akalia, akimlilia mama yake, yule asiyekuwa na vigelegele. Nikakaa kando yake, wala sikumwambia anyamaze.